Fila imeleta shida, sasa nini? Uvimbe wa kawaida, mshipa ulioziba na vinundu vya miezi baadaye

Ukichomwa fila ya mdomo mchana (fila ni kile kitu cha kujaza kinachochomwa chini ya ngozi kunenepesha mdomo au kubadili shepu ya uso), halafu usiku ukamwandikia aliyekuchoma kwamba panauma na rangi imebadilika, jibu linalokuja mara nyingi ni lile lile: "ni uvimbe wa kawaida mpenzi, weka barafu, kesho utaamka poa". Na ubaya wa hilo jibu ni kwamba mara nyingi ni kweli. Wengi wanaochomwa wanavimba, wanapata baka la zambarau hapa na pale, wiki moja mbili zikipita wako freshi wanapiga selfi. Ndo maana siku likikosea linakosea vibaya, kwa sababu yule mmoja ambaye mshipa wake umeziba anapewa ushauri ule ule wa wenzake waliovimba tu, na barafu juu ya mshipa ulioziba ni kumuongezea matatizo, baridi inabana mishipa ambayo tayari haipitishi damu.

Kwahiyo hapa nataka tutenganishe mambo, maana watu wakisema "madhara ya fila" wanaongea kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wakati ni matatizo manne matano tofauti kabisa, kila moja lina saa yake ya kuja, na tiba ya hili inaweza kuharibu lile.

Tuanze na kilichomo ndani ya bomba la sindano, maana kila kitu kinategemea hapo. Fila nyingi za siku hizi ni asidi ya haialuroniki. Mwili wako tayari unaitengeneza, iko kwenye ngozi, kwenye maungio, hadi ndani ya jicho, ila hii ya asili, ile ya kwenye ngozi, inavunjwa na kutengenezwa upya ndani ya siku moja au mbili. Ya kiwandani wameifunga kwa kemikali ikawa jeli ili idumu miezi na miezi. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliidhinisha ya kwanza ya aina hii mwaka 2003, Restylane, na tangu hapo imeteka soko. Wateja wanaipendea muonekano, madaktari wanaipendea kitu kingine: inayeyushwa. Kuna kimeng'enya (protini inayovunja vitu vingine) kinaitwa haialuronidesi, ukikichoma pale ilipo jeli, inavunjika na kuondoka, sehemu kubwa ndani ya masaa.

Fila nyingine hazina hiyo bahati. Radiesse ni chembechembe za kalsiamu, Sculptra ni asidi ya polilaktiki inayoushtua mwili utengeneze kolajeni (protini inayoshikilia ngozi), halafu kuna za kudumu, na kuna silikoni ya maji ambayo mitaani inauzwa kwa majina ya kila aina. Hizi zikienda vibaya hakuna cha kuyeyusha. Ndo maana dokta yeyote utakayemkimbilia usiku swali lake la kwanza litakuwa "umechomwa nini?", na ukimjibu "sijui, ni fila tu" umemfunga mikono kabla hajavaa glavu.

Haya, la kawaida likoje? Mdomo unavimba zaidi siku ya kwanza na ya pili, unashuka siku zinazofuata. Uvimbe ni laini, uko pande zote mbili hata kama upande mmoja umezidi kidogo, maumivu ni ya kugusa na kila siku yanapungua. Baka la damu iliyovujia chini ya ngozi lina mipaka, linageuka kijani kisha njano, ndani ya wiki mbili limeisha. Vijivimbe vidogo unavyovihisi kwa ulimi wiki ya kwanza, vingi ni jeli haijatulia tu, vinasubiriwa kwa wiki mbili kabla mtu hajaanza kuvichokonoa. Hapa barafu ni sawa, parasetamo ni sawa, kulala umeinua kichwa ni sawa.

Mshipa ulioziba ni habari nyingine. Kuna njia mbili: jeli imeingia ndani ya ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo) kwa bahati mbaya, au imekaa pembeni ikaibana kwa nje, ingawa wengi wanaona ya kuingia ndani ndo inaleta balaa lenyewe. Na kinachowachanganya watu ni kwamba panapoharibika sio lazima pawe pale pale sindano ilipoingia. Maji yakikatwa kwenye bomba kubwa, nyumba zinazokauka ni za mwisho wa laini, sio ile iliyo jirani na valvu. Ukichomwa kwenye ule mstari unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo, kinachoweza kubadilika rangi ni pembe ya pua na mdomo wa juu, kwa sababu ateri ya uso inapita hapo ikipanda kuelekea puani. Mtu anaangalia alipochomwa, anaona pako sawa, anatulia. Kumbe pua ndo inakufa.

Dalili ya kwanza kabisa ni ngozi kupauka pale pale, kwa sekunde au dakika. Baadae inakuja rangi ya madoa madoa kama wavu, zambarau na weupe vimechanganyika. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, na hayalingani na unachokiona kwa macho. Ila hapa kuna mtego, fila nyingi siku hizi zinakuja zimechanganywa na lidokeni, yaani ganzi iko ndani ya bomba lenyewe, na kwenye midomo wengine wanachoma ganzi ya meno kabisa kabla. Kwahiyo unaweza kutoka kliniki mshipa umeziba na husikii kitu, ganzi inaisha uko kwenye daladala au nyumbani, na ndo hapo maumivu yanaanza na wewe unajiambia "aah, ganzi imeisha tu". Maumivu yanayoanza masaa kadhaa baadae na kupanda ni ya kuchunguzwa siku hiyo hiyo, sio kesho.

Sasa kitu ambacho vitabu vingi vimekipita juu juu na sisi kinatuhusu sana. Maelezo na picha nyingi za mshipa ulioziba zimetokana na ngozi nyeupe: "ngozi inakuwa nyeupe", "unaona wavu wa buluu". Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi ule weupe unaweza kuwa kijivu tu kama majivu, ule wavu unaweza usionekane kabisa, ukaona giza kidogo ambalo mtu analiita baka la kawaida. Kwahiyo usitegemee ngozi ya nje peke yake. Pindua mdomo uangalie ndani, kwenye ile nyama nyekundu na fizi, hapo rangi haidanganyi sana, sehemu iliyokosa damu itakuwa imepauka au imekuwa zambarau ukilinganisha na upande wa pili. Gusa kwa mgongo wa kidole, sehemu isiyo na damu inaweza kuwa ya baridi. Na fanya kipimo cha kubonyeza: weka kidole, bonyeza kwa nguvu ya wastani kwa sekunde tano hivi, achia, hesabu. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili, tatu hivi. Ikichelewa, au ikirudi upande wa kulia fasta na kushoto ikajivuta, hiyo sio ya kulalia. Fanya pande zote mbili kila mara, kwa sababu uso wako wenyewe ndo kipimo chako. Fanya kwenye mwanga mzuri wa kweli, sio kwa kamera ya simu yenye filta.

Mtu akipuuza, siku ya pili ya tatu vinatokea vipele vidogo vyenye usaha au malengelenge kufuata njia ya mshipa, na hapo wengi wanapotezwa mara ya pili, wanaambiwa ni hepesi ya mdomo (vipele vya virusi) au ni bakteria, wanapewa krimu na amoksilini. Ni kweli kuchomwa mdomo kunaweza kuamsha hepesi kwa mtu aliyewahi kuwa nayo, na inatibika kwa asiklovia, ila vipele vilivyokuja baada ya ngozi kubadilika rangi na kuuma sana, vikakaa upande mmoja tu, dokta anatakiwa awaze mshipa kwanza. Baada ya hapo ni ngozi kuwa nyeusi, kukauka, kubanduka, kidonda na kovu. Na kwetu, hata kidonda kikipona vizuri, weusi unaobaki unaweza kukaa miezi mingi, na mwenye asili ya kutoa makovu yaliyovimba ana kesi yake nyingine.

Tiba ikoje? Kama ni fila ya haialuroniki, tiba ni kimeng'enya, kingi, mapema. Zamani watu walikuwa wanaweka kidogo kidogo kwa woga. Mwaka 2017 daktari wa Canada, Claudio DeLorenzi, alichapisha utaratibu wa dozi kubwa za kurudia ambao umeathiri sana namna wengi wanavyofanya sasa: eneo dogo kama nusu ya mdomo unaanza na yuniti 500, yakiongezeka maeneo inapanda hadi 1500, unachoma eneo lote lililobadilika rangi sio tundu moja tu, unasugua, unasubiri kama saa nzima, unabonyeza na kuhesabu tena, kama damu bado unarudia. Na sio lazima ulenge ndani ya mshipa wenyewe, kimeng'enya kinapenya ukuta wa ateri. Kinachohesabiwa hapa ni kurudi kwa damu. Kuna dokta anachoma mara moja halafu anamwambia mgonjwa "nenda nyumbani tuonane Jumatatu", hiyo hapana, mgonjwa anakaa pale pale hadi rangi irudi.

Pamoja na hicho wengi wanaongeza kusugua kwa nguvu, kitambaa cha uvuguvugu na aspirini kwa asiye na sababu ya kuikwepa, ila hivi ni wasindikizaji tu. Ile krimu ya nitrogliserini iliyokuwa inapakwa zamani ili kupanua mishipa, wataalamu wengi wameiacha, kuna wasiwasi inaweza hata kusukuma jeli mbele zaidi.

Saa ngapi ndo umechelewa? Kuna utafiti uliochapishwa 2011, walitumia masikio ya sungura, waliopata kimeng'enya ndani ya masaa manne ngozi iliokoka kwa sehemu kubwa, ya masaa 24 haikusaidia kitu. Sungura sio binadamu na madaktari wanajaribu hata siku ya pili ya tatu kwa sababu kitu kidogo kikiokolewa ni faida, ila inakupa picha kwamba "tusubiri asubuhi tuone" ni maamuzi, tena mabaya.

Watu wanakiogopa hiki kimeng'enya, stori zimezagaa kwamba "kinakula uso". Kiukweli kinavunja na haialuroniki yako ya asili kidogo, ila nilisema juu hiyo inatengenezwa upya kila siku, inarudi. Hatari yake ya kweli ni mzio. Sumu ya nyuki na nyigu ina kimeng'enya cha ukoo huo huo, kwahiyo aliyewahi kuvimba koo kwa kuumwa na nyuki aseme kabla, na anayechoma awe na adrenalini mezani. Kama unayeyusha kwa sababu tu shepu hujaipenda, kipimo kidogo kwenye mkono kwanza kina maana. Kama ngozi inakufa, hakuna muda wa vipimo vya mkono, unachoma ukiwa umejiandaa.

Na macho. Hii ndo inayotisha wote wanaoijua hii kazi. Mishipa ya katikati ya nyusi, paji la uso na pua imeungana na mishipa inayolisha jicho. Ukisukuma jeli kwa nguvu ndani ya ateri hapo inaweza kurudi kinyumenyume hadi ilipotokea ateri ya retina (ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), halafu ukiachia inasafiri na damu mbele. Mapitio ya mwaka 2015 yalikusanya kesi 98 za upofu wa aina hii kutoka maandiko ya kitabibu duniani, nyingi zilitokana na mafuta ya mwili wa mtu mwenyewe, haialuroniki ikifuata, na maeneo yaliyoongoza ni katikati ya nyusi na pua. Ni chache sana ukilinganisha na sindano zinazochomwa, ila retina ikikosa damu kwa zaidi ya saa moja na nusu hivi, kurudi ni shida, na waliorudishiwa uono wote ni wachache. Inakuja ghafla, mara nyingi sindano bado iko mkononi: giza jicho moja, maumivu ya jicho, kope kuanguka, kuona vitu viwili, kichefuchefu, wengine hadi kiharusi. Hapo hakuna cha kliniki ya vipodozi, ni kusimamisha kila kitu, kimeng'enya eneo lote, dawa za kushusha presha ya jicho, na mtu anapelekwa kwa daktari wa macho huku simu inapigwa njiani. Ndo maana binafsi nikiona tangazo la "pua bila kisu, dakika 15, ofa ya wikiendi" nashangaa. Pua ni sehemu ngumu kuliko zote na inauzwa kama kubandika kucha.

Kuna mambo madogo, nitapita haraka. Rangi ya buluu chini ya macho miezi kadhaa baadae ni jeli iliyowekwa juu juu mno, mwanga unaipitia ukitoa buluu, haiui, inayeyushwa. Mdomo kuvimba ghafla ndani ya dakika pamoja na kuwashwa, vipele mwilini na kukosa pumzi ni mzio, hospitali mara moja. Bakteria wanajitokeza siku chache baadae: joto, wekundu au weusi wa moto, usaha, homa, na huyo anahitaji antibayotiki aliyoandikiwa, maana tabia yetu ya kwenda duka la dawa kununua vidonge viwili vya amoksilini kwa kukadiria ndo inaacha vimelea nusu hai ndani ya jeli.

Na hapo tunaingia kwenye vinundu vya miezi baadae, ambavyo kwangu ndo vinachanganya kuliko vyote. Mtu alichomwa, akawa sawa kabisa, miezi minne baadae au mwaka anaumwa mafua makali, au anang'oa jino, au anachanjwa, na ghafla mdomo unatoa kinundu kigumu kinachouma. Wakati wa majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna mwaka 2020 waliripotiwa washiriki wachache waliovimba uso na walikuwa wameshawahi kuweka fila, na mtandaoni ikageuka stori kubwa kuliko ukubwa wake. Kinachotokea ni kinga ya mwili imeamshwa na inakiona kile kitu kigeni. Wakati mwingine ni bakteria waliojijengea utando juu ya jeli na kulala humo. Wakati mwingine ni chembe za kinga zimekizingira kitu kigeni zikatengeneza donge. Kwa nje vinafanana, tiba hazifanani. Ukichoma steroidi (dawa inayotuliza kinga ya mwili) kwenye kinundu chenye bakteria umewapa sikukuu. Kwahiyo mwenye akili kwanza anahakikisha hakuna maambukizi, au anaanza na antibayotiki, ndo anafuata kimeng'enya kuondoa makazi yao, steroidi inakuja nyuma. Ukiona mtu anakuja na steroidi dakika ya kwanza bila kukuuliza maswali, muulize wewe. Na kutokana na hii stori ya meno, wengi wanashauri usifanye kazi ya meno wiki mbili kabla na baada ya kuchomwa.

Silikoni na sindano za makalio nazitaja peke yake kwa sababu huko hakuna "kudhibiti madhara" kwa maana tuliyoongelea. FDA haijaidhinisha fila yoyote kwa ajili ya kukuza makalio au matiti, na fila za uso wamezipitisha kwa watu wazima wa miaka 22 na kuendelea. Silikoni ya maji ikichomwa kwa wingi inatembea, inageuka vinundu hata miaka mingi baadae, na ikiingia kwenye damu inafika mapafuni na kuua. Kuiondoa ni kupasua, tena haiondoki yote. Vile vikalamu vya kusukuma jeli kwa presha bila sindano, vinavyouzwa mtandaoni ujifanyie mwenyewe chumbani, FDA walivitolea onyo Oktoba 2021.

Nani anakuchoma basi? Uingereza mwaka 2013 ripoti iliyoongozwa na Sir Bruce Keogh ilisema mteja wa huduma hizi hana ulinzi zaidi ya mtu anayenunua kalamu ya wino au mswaki, na hiyo ni Uingereza. Kwetu kazi hii wanaifanya hadi wapambaji wa meikap. Kenya unaweza kutafuta jina la daktari kwenye orodha ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari huko, fanya hivyo kabla ya kulipa. Halafu muulize swali moja: haialuronidesi unayo hapa hapa, ngapi, na inaisha muda lini? Akikuambia "sijawahi kuihitaji", au "tunaagiza ikitokea", vaa viatu. Akikuambia yeye anavuta sindano kwanza kuangalia damu kwahiyo haiwezi kuingia kwenye mshipa, hilo nalo si kinga kamili, damu inaweza isionekane na sindano ikawa ndani. Kanula butu (kamrija kembamba kasiko na ncha kali, kanakotumika badala ya sindano) inapunguza hatari, haiifuti.

Kuna na wale wanaochomwa Dubai au Istanbul kwenye safari ya biashara, wanatua Nairobi au Dar kesho yake na shida inaanzia hapa. Kila bomba la fila halali linakuja na stika zenye jina la bidhaa na namba ya bechi, moja inabaki kwenye faili lako. Ipige picha kabla hujatoka. Ukifika hospitali usianze na "nimevimba mdomo", sema kitu cha namna hii: nimechomwa fila ya asidi ya haialuroniki jana saa kumi jioni, mililita moja, mdomo wa juu, upande wa kushoto umebadilika rangi tangu saa mbili usiku na damu hairudi nikibonyeza, nahofia mshipa umeziba, nahitaji haialuronidesi. Kama daktari wa zamu hajawahi kukutana nayo, usigombane naye, omba aite wa ngozi au wa upasuaji rekebishi. Na kama duka la dawa la hospitali litasema hawana, mwambie aulize idara ya macho au thieta (chumba cha upasuaji), madaktari wa macho wamekuwa wakichanganya hiki hiki kimeng'enya na ganzi kwa miaka kabla ya kupasua mtoto wa jicho, inawezekana kiko kwenye kabati lao.